Tusimtwishe mfugaji peke yake

Makala yenu inawalaumu wafugaji wa Dodoma kwa kuwapa kuku antibiotiki (dawa za kuua bakteria) ovyo hadi bakteria wanakuwa sugu, yaani dawa haiwaui tena. Sawa, lakini mmeruka duka la dawa za mifugo. Nenda pale useme tu "kuku wanasinzia, wanaharisha kijani", utapewa pakiti ya antibiotiki ya oxytetracycline bila kuulizwa una kuku wangapi wala wana umri gani. Hakuna cheti, hakuna daktari. Dozi? "Kijiko kimoja kwenye ndoo," basi.

Na mara nyingi huo mharo wa kijani ni kideri (Newcastle). Kideri ni ugonjwa wa kirusi! Antibiotiki haikigusi hata kidogo. Kuku wanakufa vilevile, na bakteria waliomo tumboni mwa wale wanaopona wamepata nafasi ya kuizoea dawa. Kinga ipo: chanjo ya kideri iitwayo I-2 ni tone moja jichoni kila baada ya miezi mitatu, inatengenezwa hapahapa nchini, na hata kwa joto letu hili haiharibiki haraka.

Halafu kuna mayai. Wangapi, baada ya kuwapa kuku dawa, wanaacha kuuza mpaka siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye pakiti ziishe? Kwa bei ya chakula cha kuku ilivyo, nawaelewa, ila trei zinafika kwa mama lishe zikiwa na mabaki ya dawa. Samadi nayo inakwenda kwenye bustani za mchicha na bakteria wake.

Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku antibiotiki za kukuzia mifugo tangu 2006. Sisi tuanze na cheti cha daktari wa mifugo pale dukani, na maofisa ugani wapewe mafuta ya pikipiki wafike mabandani.