Usiku una mwenyewe

Kwetu Pangani, jua likishazama neno "nyoka" lilikuwa halitamkwi. Bibi alitufundisha tuseme "kamba". Mtoto akiteleza ulimi alikemewa palepale, maana kumtaja ni kumwita. Sasa naishi Minneapolis na nafuga chatu chumbani, na kila ikifika saa tatu usiku namkumbuka bibi. Alijua jambo ambalo wafugaji wengi wa nyoka hawalipi uzito: usiku una mwenyewe.

Chatu wangu ni jike, nimempa jina Zuhura. Ni Python regius, wale chatu wadogo wa Afrika Magharibi na Kati ambao wakiogopa hujikunja duara kama mpira, kichwa kikazama katikati. Asili yao inaanzia Senegali hadi kufika Uganda. Mchana hulala ndani ya mashimo ya panya na kwenye vichuguu. Giza likiingia ndipo hutoka kutafuta riziki. Kwa miaka mingi wamesafirishwa kwa maelfu kutoka Ghana, Togo na Benin kuletwa Marekani, na siku hizi wengi huzalishwa hukuhuku. Hata yule aliyeanguliwa ndani ya sanduku la plastiki, hajawahi kuona kichuguu maishani mwake, bado huamka jua likizama.

Ugomvi wangu na wafugaji wenzangu uko hapo. Tunanunua mnyama wa usiku, tunamweka sebuleni kwenye tangi la kioo chini ya taa kali, tunamlisha saa nane mchana wageni wamesimama na simu mikononi. Akikataa kula, tunamwita msumbufu. Ni kweli chatu hawa wanajulikana kwa kususa, na mara nyingine kususa ni haki yao: anapokaribia kujivua gamba na macho yamefunikwa na ukungu wa buluu, jike akiwa na mayai, au msimu wa kupandana ukifika. Lakini naamini susa nyingi tunazilalamikia sisi ndio tumezisababisha.

Nasema haya kwa kuwa yalinikuta. Zuhura alisusa wiki 11. Kila Jumapili nilimweka kwenye mizani ya jikoni, na nikaona akishuka kutoka gramu 1,420 hadi 1,365. Muuzaji mmoja akanishauri nimwingizie panya hai, njaa itamfundisha. Nikafanya hivyo, nikaenda kulala. Asubuhi nilimkuta amejibana pembeni, mgongoni ana jeraha bichi lenye alama za meno. Panya akifungiwa na hofu yake na njaa yake hutafuna chochote, na chatu asiyetaka kula hajitetei. Kovu lipo mpaka leo. Ukipitisha kidole unahisi magamba hayakurudi sawa. Tangu siku hiyo sijaweka panya hai mle ndani, na simshauri mtu yeyote aweke.

Nilichobadilisha hakikuwa kikubwa. Nilimtoa sebuleni, nikampeleka chumbani. Nikamwekea mapango mawili ya kubana, moja upande wa joto na moja upande wa baridi. Taa nyekundu, ile tunayoambiwa nyoka haioni, niliizima. Macho yao yameumbwa kwa giza, na sioni sababu ya kuyafanyia majaribio. Joto sasa linatoka kwenye kifaa kisichotoa mwanga, thamostati ikililinda lisipite nyuzi 32. Na saa ya kula ikawa saa nne usiku.

Usiku wa kwanza wa utaratibu huo sitausahau. Panya alikuwa wa friza, nimemyeyusha ndani ya mfuko kwenye maji moto hadi mwili wake ukawa na uvuguvugu wa aliye hai. Chatu hawa wana vishimo kwenye midomo vinavyohisi joto, kwa hiyo panya wa baridi kwao ni kama jiwe. Nilizima taa zote, mwanga ukabaki ule wa korido. Kichwa cha Zuhura kilikuwa kwenye mlango wa pango, kimetulia, shingo imejikunja nyuma yake. Ulimi ulitoka polepole, ukachezacheza, ukarudi. Nikamshika panya kwa koleo ndefu, nikamsogeza. Sikuona alivyodaka, nilisikia kishindo kidogo tu, na nilipotazama alikuwa ameshamzungushia mikunjo miwili. Alikaza muda mrefu. Kisha akaanza kumtafuta kichwa, akamwingiza taratibu, taya la kushoto, taya la kulia. Alipomaliza alipiga miayo mara mbili, mdomo wazi kabisa, akizirudisha taya mahali pake. Nilikuwa nimeketi sakafuni na machozi yananilenga.

Baada ya hapo kazi ya mfugaji ni kukaa mbali. Siku mbili simgusi. Asipopata joto, chakula humharibikia tumboni akakitapika, na kumeng'enya kwenyewe ni kazi nzito mno: watafiti waliompima chatu wa Burma, ndugu yake mkubwa, walikuta misuli ya moyo imeongezeka kwa asilimia 40 ndani ya siku mbili za mlo. Mnyama aliye katika shughuli hiyo si wa kuvalishwa shingoni kwa ajili ya picha.

Kule Ouidah, Benin, liko hekalu la chatu hawahawa. Usiku huachiwa watoke wakajitafutie panya mitaani, na anayemkuta chatu nyumbani kwake humrudisha kwa heshima. Sisi wa Minneapolis hatuwezi kumwachia Zuhura barabarani, lakini giza, joto na kimya tunaweza kumpa. Asiyekuwa tayari kutoa hayo, naomba asifuge. Na ndugu zangu mlioko nyumbani, msikamate chatu wa porini: sheria inakataza kumfuga bila kibali, na chatu wetu mkubwa hupita mita 4.

Siku za kumlisha Zuhura huwa nampigia mama nikishamaliza. Saa nne usiku ya huku, Pangani kumeshakucha, na kwake si vibaya tena kumtaja nyoka. Hata hivyo huniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, na huyo kamba wako amekula?" Kwa kuwa kwangu bado ni usiku.