Msiwaambie vijana kwamba mwongozo wa prosesa hausomwi

Katika kikao cha watengeneza programu kilichofanyika hivi karibuni hapa Nyamagana, msemaji mmoja aliwaambia vijana kwamba siku hizi hakuna haja ya kusoma mwongozo wa prosesa za meinfremu, yaani kompyuta kubwa zinazotumiwa na mabenki na kampuni kubwa, kwa kuwa muhtasari wa amri mpya unatosha. Vijana waliyaandika maneno hayo kwenye madaftari yao. Niliudhika, na hasira haijanitoka, kwa sababu baadhi yao wanapata vibarua vya mbali kutoka kampuni za nje zinazotumia mashine hizo kutunza fedha za watu.

Chukueni amri ya DFLTCC, iliyokuja na meinfremu ya IBM iitwayo z15 mwaka 2019 ili data ibanwe, yaani ipunguzwe ukubwa, na prosesa yenyewe. Muhtasari utasema kwamba amri hiyo ina kasi kubwa, na ni kweli. Lakini mwongozo, yaani z/Architecture Principles of Operation, unaeleza kwamba prosesa inaweza kusimama kabla data haijaisha, ikaweka msimbo wa hali 3, alama ya kwamba kazi bado haijaisha, na hapo ni wajibu wa programu kuirudia amri ileile mpaka kazi ikamilike. Asiyeyasoma hayo atajaribu programu yake kwa faili dogo, nayo itapita bila tatizo. Siku atakapoletewa faili la miamala ya mwezi mzima, amri itasimama njiani, programu itaendelea mbele kana kwamba kila kitu kimebanwa, na nusu ya kumbukumbu za watu itakuwa imepotea bila onyo lolote kutokea kwenye skrini. Hilo halimo kwenye muhtasari wowote niliowahi kuonyeshwa.

Vilevile, kabla ya kutumia amri hiyo, programu inapaswa kuuliza kwa STFLE, amri inayoorodhesha uwezo wa mashine, kama biti ya 151, inayoonyesha kwamba DFLTCC ipo, imewashwa, la sivyo itakatika kwenye mashine ya zamani.

Nakubali kwamba anayeandika kwa lugha ya programu ya COBOL tu anaweza kuishi bila haya, kwa sababu kompaila, programu inayogeuza maandishi yake kuwa amri za mashine, humchagulia amri kulingana na kiwango cha ARCH (kizazi cha mashine) alichokiweka. Nakubali pia kwamba kitabu ni kinene na Kiingereza chake ni kigumu. Hata hivyo, hakuna anayelazimika kukisoma chote. Mzee mmoja wa Kirumba, mstaafu wa kazi hizi, aliniambia, "Mwanangu, anza na mistari ya wima iliyo pembeni," kwa maana kila toleo jipya huweka mistari hiyo kando ya maneno yaliyobadilika. Tangu hapo nimesoma hivyo, na sijaona njia bora zaidi kwa mtu mwenye kazi na familia.

Baada ya z15, z16 ilitoka mwaka 2022 na z17 mwaka 2025. Miaka mitatu kati ya mashine moja na nyingine inatosha kabisa kuipitia mistari hiyo, kurasa chache kila jioni.