Presha haishuki, halafu wanamlaumu mama mdogo kwa chumvi

Kila mama mdogo akirudi kliniki ya sukari anarudi na maneno yaleyale, mama punguza chumvi, mama meza dawa. Anameza jamani, mimi ndo namhesabia vidonge, vya presha peke yake aina tatu, na chumvi tulishaiacha mpaka wajukuu wanasusa mchicha wa bibi. Presha bado 170 na kitu.

Mtu mwenye sukari presha ikigoma kwenye dawa tatu, kabla hujamwita mbishi mpime homoni. Ndo hoja yangu yote.

Iko hivi, juu ya kila figo kuna katezi kamekaa kama kofia, kanatoa homoni inaitwa aldosteroni ambayo kazi yake ni kuziambia figo zishike chumvi na zimwage potasiamu kwenye mkojo. Ikizidi, hata ule mboga ya kuchemsha tu mwili unang'ang'ania chumvi iliyopo na presha inapanda. Na haiishii kwenye presha, yenyewe inawasha figo na moyo na kuacha makovu, sasa kwa mtu ambaye sukari imeshaanza kula vichujio vya figo hapo ni moto juu ya moto. Na sio ugonjwa mpya, daktari Jerome Conn wa Michigan, Marekani, kaueleza tangu 1955! Kwa wenye presha sugu inakadiriwa mtu 1 kati ya 5 anao.

Kinachoniuma zaidi ni vile unavyojificha. Watu wanasubiri potasiamu ishuke ndo washtuke, wakati wengi wao potasiamu iko sawa kabisa. Kriatinini, kile kipimo cha damu cha kuangalia figo, nayo inadanganya, homoni ikizidi figo zinachuja kwa kasi kupita kiasi, majibu yanatoka mazuri huku zinachakaa, kwa hiyo ulizia na protini kwenye mkojo. Kipimo chenyewe ni damu, wanalinganisha aldosteroni na renini (hii inatoka kwenye figo, ndo inayoamsha aldosteroni), ila sio kila maabara wanacho na bei sio ya panadol, hilo nakubali.

Dawa za kuizuia hiyo homoni zipo. Spironolaktoni ni ya zamani na ya bei nafuu (usijinunulie tu dukani, potasiamu inaweza kupanda vibaya, na wanaume wengine wanaota matiti, mjomba mmoja aliacha kimyakimya kwa hiyo aibu). Kuna mpya finerenoni, utafiti wa 2020 kwa watu zaidi ya 5,600 wenye sukari na figo mbovu ulionyesha figo zinachelewa kuharibika, na hao hawakuchaguliwa kwa sababu homoni imezidi, kwa hiyo hii aldosteroni ina mkono mrefu kuliko tunavyodhani.

Nimemwandikia mama mdogo kikaratasi, "aldosteroni na renini", ampe daktari. Kakikunja kakiweka kwenye pindo la kanga, eti mwanangu usinitie aibu, nitaonekana namfundisha daktari kazi. Alhamisi naenda naye mwenyewe.