Dhiki inapomfikisha mtu magotini

Mama alikuwa amekaa kwenye benchi la saruji nje ya wodi, hapa Moshi, kitenge kimevutwa hadi kwenye nyusi, midomo ikicheza bila sauti. Ndani, baba alikuwa amelala, upande wake wa kulia umepooza kwa kiharusi. Cheti cha dawa kilikuwa mkononi mwa mama, bado hakijalipiwa, na kila muuguzi alipopita alikikunja zaidi bila kuacha kuomba. Naanza na benchi lile kwa sababu swali la kama kumkimbilia Mungu wakati wa dhiki ni imani au ni woga tu, mara nyingi hujadiliwa na watu walio wazima.

Hoja ya wanaotilia shaka maombi ya namna hiyo haistahili kudharauliwa. Wanasema kwamba anayemkumbuka Mungu akiwa amebanwa tu hana uhusiano naye, ana haja tu. Kurani yenyewe, katika sura ya Yunus aya ya 12, inamkemea mwanadamu ambaye shida ikimgusa huomba akiwa amelala, amekaa au amesimama, kisha ikiondolewa hupita kana kwamba hakuwahi kuomba. Hata hivyo, kinachokemewa pale ni usahaulifu unaofuata. Kilio chenyewe hakilaumiwi.

Katika kitabu cha kwanza cha Samweli, Hana aliomba hekaluni midomo ikitikisika na sauti haisikiki, na kuhani Eli akamdhania amelewa. Hana akamjibu kwamba anaimimina roho yake mbele za Bwana. Kosa la Eli bado tunalirudia: tunapima imani ya aliyeumia kwa sura yake. Tena Zaburi ya 88 inaanza kwa kilio na kuishia gizani, bila neno la ushindi wala shukrani, na bado imewekwa miongoni mwa sala. Kwangu mimi huo ni ushahidi mzito kwamba mtu anaweza kusema mbele za Mungu kwamba amechoka, na hiyo ikawa sala kamili.

Upande wa pili una uzito zaidi unapogusa yale ambayo wengine hufanya na dhiki ya watu. Februari 1, 2020, katika uwanja wa Majengo hapahapa Moshi, watu 20 walikufa wakikanyagana walipokuwa wakikimbilia kukanyaga mafuta yaliyoitwa ya upako. Siwezi kuwalaumu waliokufa, kwa kuwa kila mmoja alikuja na mzigo wake. Lakini Waraka wa Yakobo, sura ya 5, unasema mgonjwa awaite wazee wa kanisa, nao wamwombee na kumpaka mafuta. Yaani mafuta ndiyo yanayomfuata mgonjwa pale alipolala. Mpango huo ukigeuzwa, aliye dhaifu kuliko wote ndiye anayeangushwa kwanza. Mwaka 2011 pia, maelfu walisafiri hadi Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa kwa shilingi 500, na baadhi yao waliacha vitanda vya hospitali ili wawahi foleni.

Nyumbani kwetu jambo hili lilitufikia kwa njia ndogo zaidi. Usiku ule baba alipoanguka, kundi moja la maombi lilitushauri tumalize mkesha kwanza, na mmoja wao akauliza kama kuna dhambi iliyofichwa katika familia. Tulisubiri hadi alfajiri. Saa zile bado zinaniuma, na swali lile linaniuma zaidi, kwa sababu lilimwongezea mama hatia juu ya hofu.

Walioshauri hivyo wangemkumbuka Hezekia. Katika Isaya 38 mfalme huyo aligeukia ukutani, akaomba na kulia sana, akaahidiwa miaka 15 zaidi. Katika sura hiyohiyo Isaya aliagiza tini ziwekwe juu ya jipu lake. Nabii hakuona kwamba dawa inaitukana sala, na sioni ni kwa mamlaka gani sisi tuzitenganishe.

Mama aliponiona nikija, alifuta uso kwa pindo la kitenge, akakikunjua kile cheti juu ya goti na kukinyoosha kwa kiganja. "Nenda kalipie, mwanangu, kabla dirisha halijafungwa," akasema, kisha akafumba macho tena.