Mche ni wa mama, shamba ni la nani?

Machi ikifika, na Siku ya Wanawake nayo, ofisi nyingi za Nairobi huwa na mpango ule ule. Wafanyakazi wa kike hugawiwa fulana, hupakiwa kwenye basi na kupelekwa mahali ambapo mashimo yamekwisha kuchimbwa, kisha kila mmoja hukabidhiwa mche. Mwaka mmoja nilikuwa miongoni mwao. Mashimo yalichimbwa na vijana wa kibarua. Kazi yetu ilikuwa kuinama, kutabasamu na kupigwa picha. Gari la maji halikufika, kwa hiyo tukaambiwa tuteremke mtoni na mitungi. Mwenzetu mmoja wa uhasibu, mtungi huku na mtungi huku, viatu vimejaa tope, akauliza kwa sauti: "Na siku ya wanaume wao huenda kuchota nini?"

Tulicheka sana. Mimi nimekuwa nikilibeba swali lile tangu siku hiyo. Tunapoisimulia historia ya wanawake kwa njia ya miti, mito na udongo, tunawatendea haki, au tunawarudisha kwenye mtungi walioutua kwa taabu?

Wanaosema tunawatendea haki wana ushahidi mwingi, na sehemu kubwa imo humu humu mjini. Tarehe 5 Juni 1977, Wangari Maathai na wenzake wa Baraza la Kitaifa la Wanawake wa Kenya walipanda miti saba Kamukunji, na hapo ndipo lilipoanzia Vuguvugu la Ukanda wa Kijani. Huwa inasahaulika kwamba Maathai hakuanza na mapenzi ya maua. Alikuwa mtaalamu wa anatomia ya mifugo, mwenye shahada ya uzamifu ya Chuo Kikuu cha Nairobi tangu 1971, na utafiti wa kupe ndio uliompeleka nje ya mji akaona ng'ombe waliokonda na mito iliyojaa udongo. Wanawake wa vijijini nao hawakulalamikia "mazingira". Walilalamikia kuni zilizokuwa mbali, maji machafu na watoto wasioshiba. Alichofanya ni kuyaunganisha malalamiko hayo na mti. Maofisa wa misitu walipodai kwamba kupanda mti kunahitaji mtu aliyesomea, akina mama waliotesha mbegu kwenye makopo na vyungu vilivyovunjika, na walilipwa senti chache kwa kila mche ulioshika. Ulioshika, si uliopandwa tu. Utaratibu huo mdogo una akili kuliko kampeni nyingi ninazoziona leo.

Kuna jambo jingine linaloipa nguvu hoja hii. Katika utawala wa chama kimoja, mkutano wa hadhara ulihitaji leseni, na kikundi cha wanawake waliojadili uongozi kingetawanywa mchana kweupe. Kitalu cha miche kilionekana kitu kisicho na madhara. Akina mama walikaa pale wakijaza udongo, wakajifunza kuweka hesabu, kuchagua viongozi, na kuuliza kwa nini msitu wa serikali umezungushiwa ua na mtu binafsi. Mti uliwafungulia mlango ambao hakuna kitu kingine kingeufungua.

Upande wa pili hausemi kwamba haya si kweli. Unasema yamesimuliwa nusu.

Tazama Murang'a mwishoni mwa miaka ya 1940, wakati ule ikiitwa Fort Hall. Serikali ya kikoloni ilikuwa na hofu ya mmomonyoko wa udongo, ikaamuru matuta yachimbwe kwenye miteremko kwa kazi ya lazima. Wanaume wengi walikuwa wamekuja Nairobi kutafuta mshahara, kwa hiyo jembe likawaangukia wanawake. Mwaka 1948 walikataa. Walimiminika hadi makao ya wilaya, wakaimba na kucheza, wakasema hawachimbi tena. Ukitumia kipimo cha fulana zetu za Machi, wale walikuwa maadui wa mazingira. Kwa kipimo chochote cha haki walikuwa watu waliochoka kutumikishwa kwenye miteremko iliyoharibika kwa sababu watu walisongamanishwa pamoja huku ardhi nzuri ikipewa walowezi. Sijawahi kuona hafla ya upandaji miti inayowataja.

Simulizi ya mwanamke aliye karibu na maumbile "kwa asili yake" haina nafasi ya watu hawa. Haina nafasi pia ya mama anayeuza makaa Mathare. Naye ana uhusiano na msitu, tena wa kila siku: anajua makaa ya mgunga yanakaa motoni muda gani, na anajua gunia lililolowa kwa kulinyanyua tu. Februari 2018 serikali iliposimamisha ukataji miti katika misitu ya umma, bei ya makaa ilipanda, na wauzaji kama yeye walibaki na chaguo mbili, kupandisha bei au kupunguza mkebe. Wateja wake wengi ni wanawake pia. Msitu ulihitaji kupumzishwa, hilo silipingi. Ninachosema ni kwamba gharama ya kuupumzisha ilianzia jikoni kwa mtu ambaye hatawahi kualikwa kupanda mti.

Halafu kuna hati. Kenya Land Alliance, shirika linalotetea haki za ardhi, ilipochunguza hati za ardhi zilizotolewa kati ya 2013 na 2017, ilikuta wanawake wamepata kama hati 10 katika kila 100, na kwa ukubwa wa ardhi hawakufikia hata hekta 2 katika kila 100. Hii ni baada ya Katiba ya 2010, ambayo kifungu chake cha 60 kinataka ubaguzi wa kijinsia katika ardhi uondolewe. Mti unadumu miaka thelathini, hamsini. Anayeupanda kwenye shamba la mume au la shemeji anajua vizuri nani ataupasua mbao.

Mimi nimeegemea wapi? Karibu zaidi na mwenzangu wa mitungi kuliko na waandaaji wa hafla, lakini sikubaliani na wanaotaka tuache kabisa kuutaja mti. Kosa ninaloliona ni kubaki na mti na kufuta ugomvi uliokuwa chini yake. Mwaka 1989 wakubwa walitaka kujenga jumba la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park. Wanaosimulia kwamba Maathai alitetea nyasi hawajawahi kukaa pale Jumapili na watoto na mfuko wa njugu. Alitetea sehemu ambapo Mnairobi asiye na kitu angeweza kuketi bila kudaiwa. Bungeni walimwita yeye na wenzake kundi la wanawake waliotalikiwa, Rais akakumbusha kwamba mwanamke wa Kiafrika huwaheshimu wanaume, na shirika lake likapewa saa 24 kuondoka katika ofisi ya serikali. Likahamia nyumbani kwake South C. Jumba halikujengwa.

Miaka ileile, Zarina Patel aliongoza kampeni ya kuiokoa bustani ya Jeevanjee, ambayo babu yake aliuachia mji, isigeuzwe kuwa jengo la maegesho ya magari. Januari 1999 Maathai alipigwa akajeruhiwa kichwani alipokwenda kupanda mti Karura, kwa sababu vipande vya msitu ule vilikwisha kugawiwa watu binafsi. Neno linalofaa kwa mambo haya ni lile tunalolitumia kila siku, unyakuzi. "Uhusiano na maumbile" ni lugha ya adabu tu.

Tukio linaloniumiza zaidi halikuwa na mche hata mmoja. Mwisho wa Februari 1992, akina mama wa wafungwa wa kisiasa waliketi kwenye kona ya Uhuru Park wakigoma kula, wakidai wana wao. Tarehe 3 Machi polisi waliwavamia kwa virungu na gesi. Baadhi ya akina mama wakavua nguo mbele yao, laana ambayo hakuna askari aliyelelewa na mama asingeielewa. Maathai alipigwa hadi akazimia. Waliobaki wakahamia kanisa la All Saints ng'ambo ya barabara, na madai yao yakaendelea hadi mwaka uliofuata. Sasa, tarehe 3 Machi ndiyo siku ambayo Umoja wa Afrika unaadhimisha Siku ya Mazingira ya Afrika, na tangu 2012 pia Siku ya Wangari Maathai. Sijui kama waliopanga kalenda walikusudia. Ninachojua ni kwamba kila mwaka siku hiyo hapa mjini hutajwa miti, na akina mama wale hawatajwi.

Hata barabara imepatwa na mambo. Iliyoitwa Forest Road sasa ina jina la Wangari Maathai, na utingo bado anaita "Forest, Pangani" kana kwamba hapakuwa na mabadiliko.

Wiki iliyopita nilipita kwa mama anayetuuzia miche ya zile hafla zetu. Kitalu chake kiko kando ya barabara kuu, kwenye hifadhi ya barabara, miche imepangwa kwa safu hadi ukingo wa mtaro. Kwenye mbao za kibanda chake palikuwa na alama ya X nyekundu, ile ya kubomolewa, rangi bado mbichi. Nikamuuliza atafanyaje. "Hii yote iko kwenye vifuko, dada, inabebeka," akasema, akiendelea kunyunyiza maji. Kisha akageuka akautazama mti wa avokado nyuma ya kibanda. Huo aliupanda chini, miaka sita iliyopita.