Meno ya mama si urembo

Jumapili iliyopita tulikula pilau kwa mama, Pumwani. Kabla hajagusa sinia, aligeukia ukutani kidogo, akayatoa meno ya bandia ya chini, akayafunga kwenye leso nyeupe na kuiweka mapajani. Kisha akaanza kuichambua nyama kwa vidole, nyuzi nyembamba nyembamba, kama anayemlisha mtoto. Wajukuu wamezoea. Mimi sijazoea na sitaki kuzoea.

Meno yake ya juu hayana neno. Bamba lake hufunika kaakaa lote na mate huligandisha pale. Ya chini ndiyo balaa, maana hayana pa kujishikiza: ulimi unayasukuma, shavu linayavuta, na ukoko mmoja wa pilau ukiingia chini yake, machozi yanamtoka. Yalipotengenezwa yalimkaa sawasawa. Siku hizi yanaelea, na si kwamba meno yamebadilika. Taya ndilo lililopungua.

Hilo la taya hakuna aliyetuambia. Mfupa unaoshika jino huishi kwa kazi ya jino. Jino likishatoka, mfupa ule huanza kuyeyuka, kwa kasi zaidi mwaka wa kwanza, kisha polepole maisha yote. Ndiyo maana wazee wetu wengi nyuso zao huingia ndani mdomoni, kidevu kikapanda juu, nasi tukasema ni uzee tu.

Mama hakupoteza meno kwa uzee. Aliyang'oa moja moja, kila lilipomuuma, kwa sababu kung'oa ndiko alikoweza kulipia. Nikiwa shule ya msingi nilimsindikiza zahanati zaidi ya mara moja: sindano ya ganzi, koleo, pamba ya kuuma, na kabla ya adhuhuri tumesharudi nyumbani. Kutibu mzizi na kuliziba jino kungegharimu mara kadhaa ya pesa ile. "Wacha litoke, mwanangu, nilale," aliniambia. Yeye simlaumu. Kinachoniuma ni kwamba katika safari zote zile, hakuna aliyemketisha akamwambia: mama, pengo hili nalo lina gharama yake, itakuja baadaye.

Na dawa ya pengo si ya jana. Katika miaka ya 1950, mtafiti wa Uswidi, Per-Ingvar Brånemark, alikuwa akichunguza mifupa ya sungura kwa vifaa vya titani, aina ya metali. Alipotaka kuvitoa vikakataa, mfupa umeshikamana navyo. Mwaka 1965 akampandikizia binadamu wa kwanza skrubu za titani tayani, za kushikilia meno ya bandia: Gösta Larsson, mtu ambaye taya lake la chini halikuwa na jino hata moja, kama la mama. Larsson alivitumia vipandikizi vile hadi alipofariki mwaka 2006. Zaidi ya miaka 40 anatafuna.

Mwezi uliopita nikampeleka mama kwa daktari wa meno. Alimpiga picha ya taya, akageuza skrini ili mama naye aone, akaweka kidole kwenye sehemu ya kidevu: huku mbele mfupa bado upo wa kutosha. Hahitaji kupandikizwa meno yote, alisema. Skrubu mbili za titani zitaingizwa mbele, zitaachwa miezi kadhaa zishikane na mfupa, kisha meno ya bandia yatabanwa juu yake kama vifungo vya shati vile vya kubonyeza. Atayatoa usiku kuyasafisha, lakini mezani hayatacheza. Baadaye nilisoma kwamba mwaka 2002 wataalamu waliokutana Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, walikubaliana kuwa kwa mtu asiye na jino hata moja chini, hii ndiyo inayofaa kuwa tiba ya kwanza. Ya kwanza, si anasa ya wenye nazo.

Tuliambiwa laki tatu. Nikaandikia bima ya kazini kwangu, ambayo mama yumo. Jibu lilikuja kwa mstari mmoja: matibabu ya urembo hayalipiwi.

Urembo! Mwanamke wa miaka 68 mwenye kisukari, aliyeagizwa na daktari ale mboga, njugu na matunda, hawezi kutafuna hata kimoja kati ya hivyo, kwa hiyo anashinda kwa uji, mkate uliochovywa na wali laini, vyakula vile vile vinavyompandisha sukari. Dawa za sukari bima hiyo hiyo inazilipa kila mwezi bila maswali. Mguu ungekatika wangemnunulia wa bandia, na hakuna ambaye angeuita pambo. Kinywa nacho ni kiungo.

Siwaambii watu wote wakimbilie skrubu. Jino moja likiwa limetoka, daraja, yaani jino la bandia linaloshikizwa kwenye meno ya pembeni, linaweza kufaa, ingawa meno mawili mazima ya jirani huchongwa ili kulibeba. Mvutaji sigara na mwenye sukari isiyotulia wako katika hatari zaidi ya kipandikizi kukataa kushika. Kisiposafishwa, ufizi huoza na mfupa nao hufuata. Tena kuna matangazo ya bei ya kutupa yanayozunguka kwenye simu zetu. Hakikisha kwanza jina la daktari limo katika orodha ya baraza linalosajili madaktari na madaktari wa meno, na umwone kwa macho yako akipiga picha ya mfupa kabla hajatoboa chochote.

Na ikiwa jino linakuuma leo, muulize daktari maswali mawili kabla hajashika koleo. Je, linaokoleka? Na likitoka, nitawekewa nini pale, kwa shilingi ngapi? Muulizie na mzazi wako, maana yeye ataona haya kuuliza.

Sisi watoto tumechanga nusu. Daktari anataka sukari ya mama ishuke kwanza, kwa hiyo ameacha mahamri na chai anakunywa kavu. Bima nimewaandikia tena, safari hii nimeambatisha barua ya daktari wake wa kisukari.