Masinga si ya samaki peke yake

Wiki jana niliwapeleka watoto wa dada yangu Masinga, ile dam ya mto Tana, na kuna kitu kimenikera lazima nikiseme. Kwenda ni rahisi, unapita Thika unashika barabara ya Garissa, ukishaacha Matuu nyuma joto linaanza kukuuliza kofia uliiacha wapi. Na sisi Wakenya tukifika tu tunaulizia samaki, wanachukua muda gani kukaangwa, halafu boti, halafu mapicha, halafu nyumbani.

Samaki sina ubaya nao, nilikula tilapia mzima mpaka nikabakisha mifupa ya kuogopesha paka. Shida ilianzia kwa boti. Huyu mdogo, ana miaka tisa, akaniuliza, "Anko, sasa stima iko wapi?" Shule wamemwambia dam ni ya stima na yeye anaangalia huku na huku anaona maji tu, na mnandi wamesimama juu ya miti iliyokufa imechomoza majini, mabawa wameyaanika kama nguo kwa kamba. Nikagundua mimi mwenyewe nimekuja hapa mara nne na sijawahi uliza mtu swali hilo. Hapo lawama ni yetu wageni, hatuulizi.

Basi nikamweleza ninavyojua. Mashine za Masinga zenyewe ni megawati 40 tu, Gitaru, dam nyingine hapo chini, ina 225, lakini Masinga ndio pipa. Maji ya Mlima Kenya na Nyandarua yanashikwa hapa wakati wa mvua, kiangazi yanaachiliwa polepole yaende Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, yaani maji yale yale yanazungusha mashine mahali patano. Kinachonichekesha ni kwamba Kindaruma ni ya 1968 na Masinga ilikuja 1981, bomba zilitangulia pipa!

Mzee wa boti alikuwa anatusikiliza, akasema, "Na hiyo rangi unaiona mkubwa, hayo ni mashamba ya watu wa juu." Kweli maji yalikuwa kama chai ya maziwa. Nikaweka mkono nichote nionyeshe mtoto, mzee akanifokea nitoe haraka, hapa kuna mamba, nikautoa kabla hajamaliza. Lakini neno lake limenikaa. Mtu analima kwa mteremko huko juu bila matuta, mvua inabeba udongo, udongo unakuja kulala chini ya pipa letu, na kila debe la tope ni debe la maji tutakalolitafuta kiangazi tusilipate.

Likijaa nalo linafurika, kama 2024, na watu wanakimbilia kwenda kurekodi vile maji yanaanguka, tamu kweli kwa video, ila hayo maji yana safari, yakifika Garissa na Tana River kuna mtu anahamisha mbuzi usiku. Sisemi usirekodi, mimi pia ningerekodi. Ila jua unarekodi nini.

Tukirudi ukingoni mtoto akauliza kama haya maji chini ya boti yanaweza kufika kwa balbu ya kwao Githurai. Nikamwambia kwa njia fulani, ndio. Akainama pembeni akatema mate, ati ataona kama taa itabadilika rangi.